Mabanda ya Kuku ya Mbeleni

Anayesimulia habari za nchi ya Mbeleni hana budi kuanza na nyumba, maana mgeni huziona nyumba kabla hajamwona mtu hata mmoja. Zimejipanga kando ya barabara, nyeupe, ndefu kwenda juu, na paa zilizochongoka hata ukadhani zimewekwa kumtoboa mwewe. Madirisha yake ni vioo visivyofunguka. Kila paa lina bomba la moshi, na kila sebule ina tundu la kuotea moto. Na hayo yote yako katika nchi ambayo jua likipanda kidogo tu, jasho humtoka hata aliyejikalia kitako kivulini, na mvua ikinyesha hunyesha kwa hasira.

Sikudhani binti Vuai alifika huko akiwa mjane. Marehemu mumewe, Machano, alikuwa mzaliwa wa Mbeleni. Alihama ujanani, akaoa ng'ambo ya milima, akazeekea huko, na katika siku zake za mwisho alimwambia mkewe kwamba bado ana kiwanja kwao, juu ya kilima kidogo kinachotazama mashamba ya minazi na migomba. "Kajenge pale," alimwambia. "Usinunue. Jenga." Sikudhani alidhani ni homa inayosema. Nani anunue nyumba shamba, mahali penye miti, udongo na watu wenye mikono? Kwao nyumba hujengwa. Baba yake alikuwa mwezekaji, na yeye mwenyewe alijua kukandika ukuta kabla hajajua kusuka ukili.

Wifi yake, Mwatime, dada wa Machano, alimpokea kwa furaha ya kweli. Alimkumbatia, akamlilia kaka yake, kisha akampeleka sebuleni na kumkalisha kwenye kiti cha manyoya mbele ya tundu la moto. Joto la mle ndani lilikuwa la tanuri la mikate. Mume wa Mwatime, mzee mpole aitwaye Faki, alikuja kuamkia akiwa amevaa koti zito, jasho likimchuruzika mpaka ndevuni.

"Kuna ubaridi leo," alisema Faki.

"Ubaridi kweli," alijibu Mwatime, akijifuta shingo.

Sikudhani alitaka kucheka, lakini akaona nyuso hazina mzaha, naye ni mgeni, akanyamaza. Baadaye alikuja kujua kwamba ndiyo adabu ya Mbeleni. Mgeni hukaa sebuleni muda wa heshima, huusifu ubaridi, hukubali kikombe cha kinywaji cha moto, na anapokaribia kuzimia mwenyeji husimama na kusema, "Haya, twende tukaangalie kuku."

Basi wakaenda kuangalia kuku. Nyuma ya ile nyumba, chini ya migomba, palikuwa na banda la udongo lililoezekwa makuti, ukuta wake umeachiwa upenyo juu ili upepo upite. Ndani mlikuwa na vitanda vya kamba, mikeka, chungu cha maharage motoni, na wajukuu wa Mwatime wamelala fofofo. Mlangoni alifungwa kuku mmoja tu, kwa kamba mguuni.

"Kumbe hapa ndipo mnapolala," alisema Sikudhani.

"Sisi?" Mwatime akatupa macho kila upande. "Hapa ni banda la kuku, wifi. Sisi tunalala mbele." Akajitupa kitandani, akajinyoosha, akashusha pumzi ndefu. Usiku huo na siku zote zilizofuata, hakuna mtu wa nyumba ile aliyelala mbele.

Sheria ya Mbeleni kuhusu makazi ni fupi, na watoto huikariri shuleni kabla ya kujua kuhesabu. Nyumba ni ile iliyonunuliwa. Kilichojengwa na mwenyewe ni banda. Sababu yake nayo hukaririwa: kitu ukikitengeneza mwenyewe unazijua kasoro zake, na kitu chenye kasoro zinazojulikana hakiwezi kuwa nyumba. Cha kununua kasoro zake huzijui, kwa hiyo hakina. Nyumba hizo huletwa zikiwa tayari kutoka nchi ya barafu, ambako bila shaka zinafaa sana. Hulipiwa kwa mavuno ya maisha, na mwenye nyumba akifa, mwanawe huendelea kuinunua.

Kwa kuwa hakuna mwili wa binadamu unaoweza kulala ndani ya tanuri, kila familia ina banda nyuma, na kwa kuwa banda ni la kuku, kila banda lina kuku wa ushahidi mlangoni. Wakaguzi wa Baraza la Makao hupita kila mtaa. Wakifika uani hawaulizii watu, maana watu hawapo, wako mbele. Huulizia kuku. "Kuku mkubwa bado anakohoa?" maana yake bibi hajambo? "Kifaranga kimeanza kutembea?" Mama mtu hujibu kwamba kifaranga kimeanza kutembea na kinapenda uji. Wote husema hayo bila kucheka, kwa sauti ya watu wanaozungumzia hali ya hewa.

Kulikuwa na jamaa mmoja wa mtaa wa chini ambaye bawaba ya mlango wake wa ndani ililegea, akaipiga msumari. Kesi yake ilisikilizwa msimu mzima. Upande mmoja ulidai kwamba msumari ulinunuliwa, hivyo chumba kimebaki kuwa cha kununuliwa. Upande wa pili ukajibu kwamba msumari sawa, lakini kile kipigo cha nyundo kilinunuliwa wapi? Kipigo kikashinda. Baraza likaamua kwamba chumba kile si nyumba tena, ni nje. Sikudhani alipokwenda kuwasalimu watu wale, alipewa mwavuli kwenye kizingiti cha chumba, akavuka nao umekunjuliwa, akaufunga alipotokea upande wa pili. Alijizuia. Alipofika nyuma ya mgomba wa kwanza ndipo alipocheka, akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akaona machozi anayojifuta si ya kicheko tu.

Kulikuwa na sheria moja zaidi, na hiyo ndiyo iliyomgusa. Kiwanja ambacho mvua ya kwanza ya masika inakikuta kitupu, hurudi kwa Baraza. Kiwanja cha Machano kilisalimika miaka yote kwa sababu mwenyewe alikuwa safarini, na sheria humsubiri msafiri. Mjane alipowasili, safari ikahesabika imekwisha. Na masika hayakuwa mbali.

Muuzaji alimjia mapema, kijana nadhifu mwenye picha mkononi. Pichani walikuwamo baba, mama na watoto, wamejifunika makoti na kofia za sufu, wameshika vikombe vinavyotoa mvuke, wanacheka.

"Hawa wanaumwa nini?" Sikudhani aliuliza.

"Hawaumwi, mama. Wana furaha. Wako nyumbani."

"Mbona wamejigubika hivyo?"

"Ndiyo raha yenyewe hiyo."

"Na upepo unaingilia wapi?"

"Upepo hauingii, mama!" Kijana aling'aa uso. "Hiyo ndiyo sifa yake kubwa."

"Basi mwanangu, kamuuzie asiyepumua," alisema Sikudhani, akamrudishia picha yake.

Akaanza kazi. Kwanza alilala kiwanjani juu ya mkeka, leo pembe hii, kesho pembe ile, mpaka akaujua upepo unapotoka na unapokwenda. Akachagua mahali, akachora nyumba ardhini kwa kijiti: vyumba viwili, ukumbi mpana, mlango upande wa minazi. Majirani walipoona mashimo ya nguzo wakaja wenyewe bila kuitwa, wanaume na wanawake, kwa bashasha. Na hapo Sikudhani akashangaa kuliko alivyoshangazwa na mabomba ya moshi. Watu wa Mbeleni walikuwa mafundi. Walijua mti upi hauliwi na mchwa, udongo wa kichuguu uchanganywe na nini usipasuke, kuti lipishanishwe vipi lisivuje. Ujuzi huo walikuwa wamerithishana vizazi na vizazi kwa jina la ufugaji wa kuku. Ungemwita mmoja wao fundi, angekana kama aliyeitwa mwizi.

Nguzo zikasimama, fito zikafungwa, udongo ukakandikwa, paa likapauliwa na kuezekwa. Siku walipokuwa wanamalizia ukingo wa makuti, mkaguzi wa mtaa akapita. Jina lake Mkadam, mtu mwembamba, mstaarabu, aliyezeekea kwenye kazi hiyo na anayejulikana kwa kutopenda kumwumiza mtu.

"Mashallah," alisema, akilizunguka jengo taratibu. "Banda zuri. Kuku wako wangapi, mama?"

"Sina kuku, Bwana Mkaguzi."

"Watakuja."

"Hawaji. Hii ni nyumba."

Mikono ilisimama juu ya paa. Jirani mmoja aliteremka polepole, akasema amekumbuka mbuzi wake, akaenda. Mwingine akamfuata. Muda si muda kilima kikabaki na watu wawili.

Mkadam akasogea, akashusha sauti. "Bi Sikudhani, mimi si adui yako. Machano nilicheza naye utotoni. Sitaki jambo kubwa kwako, nataka neno moja tu. Sema ni banda. Mimi nitashuhudia kwamba nyumba ya mbele iko njiani, na Baraza husubiri nyumba iliyo njiani hata miaka na miaka. Utakaa hapa kwa amani mpaka Mungu atakapokuchukua. Hakuna atakayekugusa."

"Kwa neno moja."

"Moja tu."

"Na wewe, Bwana Mkaguzi, unalala wapi?"

Mkadam alitazama pembeni. "Mbeleni swali hilo haliulizwi, mama."

"Ndiyo maana nimeliuliza," alisema Sikudhani. "Hii ni nyumba. Nimeijenga mimi, nikasaidiwa na jirani zako. Ukaguzi wako uandike hivyo."

Habari zilifika kwa Mwatime kabla Sikudhani hajashuka kilimani. Alimkuta wifi yake amesimama uani, mikono kiunoni, macho mekundu.

"Wewe umekuja kutuua!" alifoka Mwatime. "Wakikuhukumu wewe, wataanza kutazama na kwangu. Miaka yote wanapita hapa wamefumba macho kwa sababu sisi tuna adabu. Ni neno tu, wifi! Litamke, ulale. Linakupunguzia nini?"

"Mama yenu alifia wapi, wifi?"

Machano hakuwahi kumaliza kulisimulia jambo hilo. Kila akilianza alikuwa akisimama na kwenda nje, na mkewe alijua tu kwamba mama mkwe wake alikufa na kwamba baada ya hapo mumewe aliihama nchi. Sasa Mwatime akaketi juu ya kinu kilicholazwa, akaeleza kwa sauti ndogo.

Mama yao alifia humo humo nyuma, kwenye kitanda cha kamba, alfajiri, upepo ukimpuliza kama alivyopenda. Walipanga kumbeba mpaka mbele ili ionekane amefia nyumbani. Walikuwa bado wanamfumba macho mkaguzi alipopita. Alikuwa kijana, mgeni kazini, na alichokiona ilibidi akitangaze. Alikwenda sokoni akasimama penye jiwe la matangazo, akasema kwamba kwa kina Machano kuku mkubwa amekufa.

"Hakuja mtu," alisema Mwatime. "Nani aje matangani kwa ajili ya kuku? Tulimzika wenyewe, Machano na mimi na Faki. Majirani wakawa wanapita wameinama, wananiambia pole kwa kuku wako, Mwatime. Watu aliowalea yule! Watu aliowazalisha!" Akajifuta pua kwa upindo wa kanga. "Na mkaguzi mwenyewe ni huyu huyu Mkadam."

Sikudhani alihisi kitu kinapanda kifuani mwake, na hakikuwa huzuni. Ilikuwa hasira, safi, isiyo na takataka. Alimwelewa mumewe siku ile kuliko alivyomwelewa katika miaka yote ya ndoa yao.

"Basi mimi sisemi," alisema. "Siku yangu ikifika nitakuwa nimefia nyumbani kwangu, na atakayenitangaza atatangaza mtu."

"Na mimi je?" Mwatime alimwuliza. "Nitakaa wapi baada ya huo ukweli wako?" Akaingia ndani, akamgeuzia mgongo. Siku hiyo hawakula pamoja.

Akaitwa Barazani. Jumba la Baraza la Makao ndilo refu kuliko yote Mbeleni, lenye mabomba ya moshi yaliyojipanga juu kama meno ya kitana. Wajumbe waliingia kwa heshima, wakaketi, Mwenyekiti akafungua kikao kwa kusema kwamba kuna ubaridi kidogo, wajumbe wote wakaafiki, na kabla wino wa ufunguzi haujakauka akaahirisha ili wakaangalie kuku. Wakatoka wote kwa mlango wa nyuma. Huko palikuwa na banda kubwa lisilo na kuta, limeezekwa kwa ufundi ambao Sikudhani hakupata kuuona popote, na upepo wa minazi unapita humo kutoka upande hadi upande. Humo ndimo zilimotungwa sheria zote za nchi. Kuku wa ushahidi alifungwa kwenye mguu wa kiti cha Mwenyekiti.

Mjadala ulikuwa mrefu na wa kiungwana. Mjumbe mmoja alishauri mwanamke yule ahesabiwe kuwa mgonjwa, kwani kuna ugonjwa wa wageni wa kuviita vitu kwa majina yake. Mwingine alisema hofu yake si nyumba moja. Mtu akijua anaweza kujijengea, atanunua kwa nini? Na asiponunua, watoto wake watamaliza kulipa nini? Wa tatu, mzee mwenye sauti ya asali, alileta suluhisho lililopigiwa makofi.

"Baraza linunue jengo lake," alisema, "kisha limwuzie yeye mwenyewe. Litakuwa limenunuliwa. Litakuwa nyumba kisheria. Naye atalala, nasi tutalala."

Mwenyekiti, mtu mnene wa kutabasamu, alimgeukia Sikudhani kwa ukarimu. "Unaona, mama, tunavyokutafutia njia. Unasemaje?"

Sikudhani alisimama.

"Mtoto nimemzaa mwenyewe," alisema, "nikamnunue sokoni ndipo aitwe wangu? Sikuja kuomba njia, Mheshimiwa. Nimekuja kuuliza. Hapa tulipokaa ni wapi?"

Akaionyesha kwa kidole nguzo iliyo karibu naye.

"Kama hapa ni nyumba, basi imejengwa kwa mikono ya watu wa hapa hapa, na yangu pia ni nyumba. Na kama hapa ni banda la kuku, waheshimiwa, basi sheria zenu zote zimetagwa."

Huko nyuma, walikosimama wananchi, kicheko kilianza, kikamezwa. Kuku alikwaruza chini ya kiti. Mwenyekiti hakuwa akitabasamu tena. Alitazama juu kwenye makuti, akatazama nguzo, akatazama wajumbe wake ambao wote walikuwa wameona kitu cha kupendeza miguuni mwao.

"Mahali hapa," alisema hatimaye, "hapana jina."

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi, maana mtu aliyeshindwa kujibu huwa hana subira. Ikaamuliwa kwamba jengo libomolewe na miti yake yote ichukuliwe. Mvua ya kwanza ikishuka, Baraza litakwenda kiwanjani na mashahidi, mkaguzi wa mtaa atatazama, atatangaza kwamba ni kitupu, na kiwanja kitarudi.

Wabomoaji walikuwa majirani wale wale walioijenga. Ndivyo sheria ya Mbeleni ilivyo, mkono uliokosea ndio usahihishe. Walikuja wameinamisha vichwa. Sikudhani alikaa ndani mpaka makuti yalipoteremshwa na mbingu ikaonekana, na mbingu ilikuwa nyeusi. Ndipo alipotoka ukumbini, akasimama pembeni, akawa anawaelekeza.

"Taratibu na hiyo nguzo, bwana wee. Fungua kamba, usikate. Hizo mimi nitazihitaji tena."

"Mama, zinachukuliwa," alisema mmoja.

"Nimesikia. Na mimi nasema nitazihitaji tena. Wakizichukua hizi nitakata nyingine. Wakinikataza msitu nitajenga kwa mawe, wakinikataza mawe nitajenga kwa mabua. Wao watachoka kubomoa, mimi sitachoka kujenga. Endelea, baba. Si kosa lako, lakini usiseme pia kwamba si mkono wako."

Jamaa alifungua kamba polepole, fundo baada ya fundo, akilia waziwazi bila kujificha.

Walipoondoka na mzigo wao, pale juu palibaki sakafu ya udongo ulioshindiliwa, vishimo vya nguzo, na mstari mwembamba wa kuta mahali zilipokuwa zimesimama. Sikudhani akachukua kigoda chake, akakiweka katikati ya chumba chake cha kulala, akaketi. Mvua ya kwanza ya masika ilimkuta hapo. Haikuanza kwa manyunyu. Ilimwagika yote kwa pamoja, na yeye akaiacha imlowanishe, mikono yake magotini, uso ameuinua.

Baraza lilipanda kilima chini ya miavuli, Mwenyekiti mbele, mashahidi nyuma, na nyuma ya mashahidi nusu ya mtaa. Hakuna aliyewaita, lakini walikuja. Walisimama kwenye mpaka wa kiwanja, wakamtazama mwanamke aliyelowa chepechepe amekaa mahali pasipo na kitu.

"Mama," aliita Mwenyekiti, "toka kiwanjani."

"Niko nyumbani kwangu," alijibu Sikudhani. "Mvua ni kubwa, siwezi kutoka."

"Mtu si nyumba," Mwenyekiti aliwaambia mashahidi. "Akae au asimame, kiwanja ni kitupu. Tunaendelea."

Lakini mtu alikuwa akipasua umati. Alikuwa Mwatime, hana mwavuli, kanga imemganda mwilini, amebeba sufuria la uji lililofunikwa jani la mgomba. Tangu siku ile ya ugomvi hakuwa amemsemesha wifi yake. Watu wakampisha, wakidhani atakatiza moja kwa moja mpaka kwenye kile kigoda, kwani nini kingemzuia? Mwatime hakukatiza. Alifika kwenye mstari wa ukuta, akageuka, akaufuata mpaka upande wa minazi, penye pengo la mlango. Hapo akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepita chini ya boriti, akaingia. Akapita ukumbini. Akaingia chumbani. Akaweka sufuria chini, akachutama kando ya wifi yake.

"Nimekuja kumwona wifi yangu," alisema kwa sauti iliyowafikia wote, ikitetemeka, "nyumbani kwake."

Neno hilo lilipita juu ya umati, na watu waliokuwa wakinong'ona wakaacha.

"Mkadam!" alifoka Mwenyekiti. "Tazama, utangaze!"

Mkadam alitoka kwenye kundi. Kazi yake ilikuwa rahisi na alikwisha kuifanya mara nyingi, kutazama na kusema kitupu kwa sauti ya kutosha. Alitembea kwenye tope mpaka ncha za viatu vyake zikaukaribia ule mstari, akasimama. Aliwatazama wale wanawake wawili. Alimtazama zaidi Mwatime, na Mwatime naye akamtazama bila kushusha macho, na kila mzee pale kilimani alijua wanakumbuka nini. Mvua ilikuwa ikipiga mwavuli wake. Akaufunga. Maji yakamshukia kichwani, yakamwingia shingoni, yakamlowanisha sare yake yote ya kazi.

"Tangaza!" Mwenyekiti alirudia.

Mkadam alifungua kinywa, akakifumba, akakifungua tena.

"Hodi," alisema.

Mashahidi walitazamana. Mwenyekiti alipiga hatua moja mbele, mdomo wazi, lakini mkaguzi wake alikuwa ameshainua sauti, sauti ile ya sokoni ambayo mtaa mzima uliijua.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibu," aliitika Sikudhani. "Mlango uko upande wa minazi."

Mkadam akaufuata ukuta usiokuwepo mpaka mlangoni, akainama, akaingia.